Sarafu Kumi na Mbili na Mji wa Mwanza

Mimi nyumbani kwangu sijapata kutoa mji. Asiyeujua mchezo wa vitendawili nimweleze: mtu akikutegea ukashindwa kufumbua, anakutaka umpe mji. Unautaja mji wowote, yeye anasema amekwenda, amekula, amekunywa, amerudi, ndipo anakwambia jibu. Binti yetu alipokuwa mdogo, umeme ukikatika hapa Mji Mkongwe baada ya magharibi, tulikuwa tukicheza watu watatu, mimi, mama yake na yeye. Wenzangu walikuwa wakigawa miji kwa ukarimu mkubwa, leo Bagamoyo, kesho Mombasa. Mimi nikishindwa nilikuwa nikinuna na kwenda kulala na kitendawili changu kichwani, hata siku ya pili, hata ya tatu, mradi nisitoe mji. Mke wangu alikuwa akisema kuwa lau ningezaliwa sultani ningezikwa na miji yangu yote.

Kwa hiyo binti alijua vizuri anamtega nani.

Mwaka wa kisa hiki alikuwa amerudi kutoka chuo kikuu bara na shahada ya hisabati. Haukupita muda akapata kazi ya kufundisha katika skuli moja ya wasichana, Mwanza. Mwanza! Ukiniuliza habari za Mwanza ningekuonyesha ziwa kwenye ramani, na baada ya hapo sina la kuongeza. Lakini kutojua hakujawahi kunizuia kusema. Nilimwambia kuwa kule ni mbali, kwamba hatuna ndugu, hatuna hata mtu wa kumwazima sufuria. Kisha nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha panga kila kitu, kwamba kuna hoteli Mbweni inatafuta mtu wa mapokezi, na Mbweni mtu anakwenda asubuhi na jioni anakula kwao.

"Baba, mimi nimesoma hisabati," akasema.

"Kwani hotelini hawahesabu wageni?"

Alikusanya sahani akaenda nazo jikoni, na mke wangu akanitazama kwa jicho ambalo nalijua tangu tulipooana. Tangu siku ile nyumba ikawa kimya. Asubuhi binti anasema "Shikamoo, baba," nami nasema "Marahaba, mwanangu," na hayo ndiyo mazungumzo yetu mpaka kesho yake. Mimi napenda maneno kuliko chakula. Nilikuwa nakaa mezani kwangu kama mgeni aliyekosea mlango, natafuna, nasikiliza feni.

Ukweli, ambao wakati ule nisingeusema hata kwa kulazimishwa, ni kwamba Mwanza haikuwa imenikosea kitu. Nilikuwa naogopa meza ya watu wawili.

Ijumaa, baada ya kula, binti akavunja kimya.

"Kitendawili!"

Moyo ulifurahi nikasahau kujifanya nimekasirika. "Tega!"

"Una sarafu kumi na mbili. Sura moja, ukubwa mmoja, huzitambui. Moja kati yao ni ya bandia, na uzito wake si sawa na wenziwe. Una mizani ya vitanga viwili, haina mawe, na ruhusa ya kupima mara tatu tu. Nambie ya bandia ni ipi."

Mama yake aliacha kufuta meza.

"Ukiweza," binti akaendelea, "nnawaandikia skuli kuwa sendi, na Jumatatu nnakwenda huko Mbweni kwako kuwapa wageni funguo. Ukishindwa unanipa mji. Na mji nnaoutaka ushaujua. Una mpaka Ijumaa ijayo, maana na wao wanataka jibu."

Nilicheka nikapaliwa. Mizani? Mimi? Mashamba ya babu yalipotea zamani, lakini duka la viungo lilibaki, na ndani ya duka hilo nilikua nikitazama mizani ya shaba ya marehemu baba ikipanda na kushuka. Siku hizi natumia mizani ya betri kama watu wote, lakini ile ya shaba bado iko rafuni, juu ya makopo ya iliki. Nilijiona kama samaki aliyetishiwa kutiwa majini. Nikasema nimekubali, na nikampa mkono kabisa, mbele ya mama yake.

Kabla ya alasiri nilikuwa nshafumbua. Sita huku, sita kule. Upande utakaopanda ndio wenye sarafu mbovu. Hizo sita nazigawa tatu kwa tatu. Upande utakaopanda, natwaa tatu zake, napima moja kwa moja. Ikipanda moja ndiyo hiyo, zikilingana basi ni ile iliyobaki nje. Mara tatu, kwisha. Nilitoka mpaka barazani kwetu, pale kichochoroni tunapokunywa kahawa, nikawaeleza wenzangu kwa kutumia kashata. Rafiki yangu, fundi cherehani mstaafu ambaye husifu mtu mara moja kwa mwaka, alisema, "Wallahi una kichwa, bwana." Niliwalipia wote kahawa, na kashata nikawaachia waile hesabu.

Nilirudi nyumbani kifua mbele. Nikamwita binti tangu ngazini.

"Naam, baba."

Nikamwaga jibu lote bila ya kupumua. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akauliza, "Umejuaje kuwa ni nyepesi?"

"Nini?"

"Mimi nimesema uzito wake si sawa. Hukuambiwa ni nyepesi. Huenda ni nzito."

"Bandia nzito?" nikamaka. "Tangu lini mtu akaibiwa kwa kuzidishiwa?"

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu ile siku ya Mbweni, na mama yake akacheka naye, na mimi nikabaki nimesimama na ushindi wangu ambao haukufika hata saa ya pili. Wallahi, umri wote wa dukani sikupata kumwona mtu aliyelalamika kuwa kilo yake imezidi. Wanaorudi wanarudi kwa kupunjwa. Kichwani mwangu kitu kibovu ni chepesi, hakuna zaidi, na nilikuwa nimemwaga kahawa ya baraza nzima juu ya jambo ambalo hakuna aliyelisema. Kesho yake fundi cherehani aliniuliza kama binti amekubali jibu. Nikasema bado analitazama.

Basi nikaishusha mizani ya baba, nikaifuta vumbi, nikaiweka juu ya meza ya duka pahala pa ile ya betri. Nikakusanya sarafu kumi na mbili za mia mbili. Ili jambo liwe la haki nilimwomba mke wangu ajifiche nazo, abandike nta kidogo chini ya mojawapo, asinambie. Akazichukua, akarudi nazo baada ya muda, akazimwaga mezani.

Nikapima. Nikafikiri. Nikapima tena. Kitanga cha kushoto kilikuwa kikishuka kidogo tu, lakini kikishuka, na mimi nikakifuata kwa uangalifu wote, nikatoa, nikarejesha, mpaka nikainua sarafu moja juu kwa vidole viwili.

"Hii hapa!"

Mke wangu akajishika mdomo. "Yarabi. Nimesahau. Sikutia kitu, bwana, wali ulikuwa unataka kuungua."

Kumbe chini ya kitanga cha kushoto kulikuwa na bizari iliyoganda tangu enzi za baba, imekuwa ngumu kama saruji. Niliikwangua kwa kisu. Sikutaka kujiuliza hiyo bizari ilikuwa ikimnufaisha nani miaka yote, sisi au wateja, na mpaka leo sijiulizi. Nikambembeleza mke wangu abandike nta kwelikweli, naye akabandika, nami nikashindwa kwelikweli.

Shida ilikuwa hii. Nikipima nne kwa nne zikalingana, najua mbovu imo katika zile nne zilizobaki nje, na hapo naweza kuendelea bila ya taabu, kwani sasa nnazo nane njema za kupimia. Nachukua tatu katika zile nne, nazipima na tatu njema. Upande wao ukipanda najua mbovu ni nyepesi, ukishuka najua ni nzito, na kipimo cha mwisho kinanipa yenyewe. Zikilingana, basi ni ile ya nne. Hilo nililipata Jumapili na nilijipongeza kwa chai ya maziwa. Lakini nne kwa nne zisipolingana? Hapo zipo nane zenye kushukiwa, nne huenda mojawapo ni nzito, nne huenda mojawapo ni nyepesi, na vipimo vimebaki viwili. Nilizipunguza, nikaziongeza, nikazipanga mbili mbili, nikazipanga tatu tatu. Kila mara ilibaki moja au mbili za kubahatisha.

Wiki ile sikuwa mtu. Bibi mmoja aliyetaka mdalasini nilimpa manjano na akaondoka nayo. Nilikaanga chai. Naam, niliitia kwenye kikaango, nikasimama naitazama inavyochemka, mpaka mke wangu akaninyang'anya. Barazani sikukanyaga tena kwa aibu. Siku moja nilizunguka kwa vichochoro vya nyuma ili nisipite pale, mimi niliyezaliwa humu humu Mji Mkongwe, nikapinda hapa, nikapinda pale, kichwani nimebeba sarafu, na nilipoinua macho nilikuwa nimesimama mbele ya baraza ile ile. Fundi cherehani akasogea kunipa nafasi. "Karibu," akasema, "vipi, bado analitazama?"

Binti naye hakunicheka tena. Alikuwa akipita dukani jioni, anatazama sarafu zilivyotawanyika, anasema, "Usijichoshe, baba," anakwenda zake. Kila alivyokuwa mpole ndivyo nilivyozidi kuona mji unanitoka mkononi.

Alhamisi asubuhi akaja dukani bibi mmoja mtu mzima kutoka Chukwani, mteja wa miaka mingi na mtu wa kutoamini kitu. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." "Marahaba," akasema, na macho yashafika kwenye mizani ya shaba.

"Ile nyengine imekwenda wapi?"

"Ipo, bibi. Hii ndiyo ya marehemu baba."

"Nnaijua," akasema. Aliisema kwa namna ambayo sikuipenda.

Akataka nusu kilo ya bizari nzima. Nikaweka jiwe la nusu kilo kitanga cha kushoto, bizari kitanga cha kulia, nikamimina kidogo kidogo mpaka vikalingana. Nikanyoosha mkono kufunga.

"Hebu badilisha," akasema.

"Nibadilishe nini?"

"Jiwe lilete huku, na bizari ipeleke kule. Mizani ikiwa ya haki itakaa vile vile. Ikiwa si ya haki itageuka."

Niliona vibaya, sitaki kusema uongo. Dukani kwetu jiwe ni la kushoto na bidhaa ni ya kulia, hivyo ndivyo nilivyofunzwa kabla sijafunzwa kusoma, na baba alikuwa akinipiga kofi la mkono nikikosea. Katika umri wangu wote hakuna kitu kilichopata kuvuka kutoka kitanga kimoja kwenda cha pili. Lakini mteja ni mteja. Nikahamisha jiwe, nikahamisha bizari, huku nanung'unika kimoyomoyo. Vikalingana, alhamdulillahi, kwa ile bizari niliyoikwangua.

Na mkono wangu ulikuwa bado haujatoka kwenye kitanga nilipoona.

Bibi wa Chukwani alidhani nimepatwa na kitu. Aliniuliza kama nimekunywa dawa zangu. Nilimwambia nimekunywa, nikamfungia bizari yake, nikamtilia na pakiti ya iliki juu, akaniangalia kwa shaka kubwa zaidi kuliko mwanzo, akaondoka haraka. Niliteremsha mlango wa duka asubuhi ile ile, nikazipima zile sarafu mpaka adhuhuri. Kila mara mbovu ilitoka. Nilipiga makofi peke yangu mle ndani.

Ijumaa tulikula pilau. Nilikula kidogo kwa makusudi, kama bwana harusi. Kisha nikaomba visahani viwili viwe vitanga vyetu, nikazitoa sarafu mfukoni, nikaanza.

"Nne huku, nne huku, nne nje. Zikilingana ni rahisi, hilo ntakueleza baadae. Tuseme hazikulingana, huku kumeshuka, huku kumepanda. Sasa tazama. Zile nne za nje tushajua ni njema. Katika zilizopanda, natoa tatu, naweka pahala pao njema tatu. Na hii moja iliyobaki katika zilizopanda, nabadilishana na moja ya upande ulioshuka. Hii inavuka kuja huku, na hii inavuka kwenda kule. Napima. Mizani ikikaa vile vile, mbovu imo katika zile tatu za upande mzito ambazo sikuzigusa. Zikilingana, mbovu imetoka na zile tatu nilizozitoa. Na mizani ikigeuka, basi ni mojawapo ya hizi mbili zilizovuka. Imebaki kupima mara moja. Zikiwa tatu, napima moja kwa moja, najua. Zikiwa mbili, napima moja na njema, najua."

Binti alikuwa ameinamia visahani, kidole chake kinafuata kila sarafu. "Ndiyo," akasema taratibu. "Ndiyo, baba."

Ningenyamaza hapo. Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini nilikuwa nimekaa kimya wiki nzima na nilikuwa na hotuba.

"Unajua nilikwama wapi? Nilikuwa naziacha kila moja na kitanga chake. Ile niliyoiweka kulia nataka ikae kulia mpaka mwisho. Haiwezekani! Sarafu ikikaa pale pale haikwambii kitu. Utaitazama mpaka kesho, hutoijua ni nini. Lazima uihamishe. Uipeleke upande wa pili, ndipo utaijua."

"Hebu rejea hapo," akasema mke wangu.

Na mimi, kwa kuwa nilidhani hakuelewa, nikarejea, kwa sauti kubwa zaidi na kwa mikono. "Lazima uihamishe, mke wangu! Kuing'ang'ania pale pale ndio kosa! Uiachie ivuke..."

Nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Mke wangu alikuwa amekunja mikono, ananitazama. Hakuwa na haja ya kusema, kazi yote nilikuwa nimeifanya mwenyewe.

Binti hakuitumia nafasi ile. Angeweza, lakini hakufanya. Alizikusanya sarafu, akazipanga moja juu ya moja, akasema, "Umeshinda, baba. Jibu ni sahihi. Leo leo ntawaandikia," na akainuka kwenda kuchukua simu yake. Hakukunja uso. Alikuwa ametoa ahadi na anakwenda kuitimiza, na mgongo wake ulikuwa umenyooka. Nilitazama ule mgongo na ushindi ukaniishia utamu.

"Rudi ukae kitako," nikasema.

Akarudi.

"Nakupa mji."

"Hujashindwa, baba. Aliyefumbua hatoi mji."

"Miji ni yangu, natoa nnavyotaka. Nakupa Chake Chake."

Mama yake akakohoa.

"Nakupa Tanga. Tanga pazuri, na kuna boti."

"Bwana," akasema mke wangu.

Nilitazama visahani. Nikakiweka kimoja juu ya chengine. "Nakupa Mwanza. Nenda, mwanangu. Naogopa, lakini nenda."

Alinishika mkono akaubusu, kisha akaanza kuondoa vyombo haraka haraka kama mtu aliyechelewa. Mimi nikabeba vile visahani viwili nikamfuata jikoni, kwani kulikuwa na jambo linanisumbua. Mimi siachi jambo.

"Nikuulize. Huko chuoni hawakukufunzeni vitendawili vigumu zaidi ya hichi?"

"Vipo vingi, baba. Vyengine hata mwalimu wetu alivishindwa."

"Basi kwa nini usinitegee kimoja katika hivyo? Ungekuwa ushapata mji wako tangu Ijumaa iliyopita."

Alikuwa anaosha kisahani. Hakugeuka.

"Hichi nilijua utakiweza," akasema. "Sikutaka kuondoka hapa kwa kukushinda wewe."

Nilisimama pale na kisahani cha pili mkononi. Mke wangu akaingia, akanitazama usoni, akauliza nina nini. Nikamwambia ni moshi. Akanambia jiko letu ni la gesi.